Divai Haitemwi Dzaleka

Nsungwi, Eneo la 25, Lilongwe
4 Juni 1995

Shangazi yangu mpendwa Régine,

Bwana asifiwe. Kabla sijasema lolote, nataka kujua kifua chako kinavumiliaje baridi ya Dowa mwaka huu, na kama dada yangu Arlène bado anakuchotea maji au naye amekuwa malkia. Mimi ni mzima, na nimenenepa kidogo, usishtuke ukiniona. Barua hii anakuletea Djafari wa Kindu, yule mwuza mitumba. Nimemwomba asiisome, akanijibu kwamba hana haja ya kusoma, maana habari za watu huzijua kabla wenyewe hawajaziandika.

Shangazi, ile kazi ya kubeba magunia kule Mtandire nimeiacha. Sasa nafanya kazi Eneo la 10, kwa patron mmoja, tajiri anayeagiza divai kutoka Afrika Kusini. Tangu kule mambo yalipogeuka, chupa zinaingia Malawi kama mvua. Kila Ijumaa jioni patron anaalika watu wakubwa, wenye magari ya namba za rangi, wanakuja kuonja. Mimi niko upande huo wa kuonja.

Kuonja si kunywa. Sisi kule nyumbani tulikuwa tunakunywa tu, kama ng'ombe mtoni. Divai unaimimina kidogo, unaizungusha kwenye glasi, unaingiza pua, unafumba macho. Ndipo unaipeleka mdomoni, unaiviringisha ulimini, unaifikiri, kisha unaitema kwenye ndoo ya chuma inayong'aa kuliko kioo chako. Anayemeza wanamwona mshamba.

Iliyo juu ya zote ni nyekundu, ya mchanganyiko. Ni zabibu za aina tatu, kila moja imelala peke yake miezi mingi kwenye pipa la mti, halafu fundi akazikutanisha. Ya kwanza inaleta nguvu, ya pili ulaini, ya tatu wanatia kidogo tu, kama pilipili kwenye samaki. Ina mwili. Ukiizungusha inateremka polepole ubavuni mwa glasi, na hiyo ndiyo wanaita miguu. Ina pua, yaani harufu, ya plamu, tumbaku, ngozi, na udongo uliolowa. Chupa moja patron alinipa siku ya sikukuu ya duka lake. Iko mezani kwangu hapa Nsungwi, na majirani huja kuitazama.

Msalimu Arlène. Mwambie kaka yake amekuwa mtu.

Mwanao,
Faustin


Dzaleka
25 Juni 1995

Mwanangu Faustin,

Salamu zimefika, na aliyezileta nimempa maji na kiti. Kifua changu kinakohoa kama kilivyozoea. Unga wa mgao wa wakimbizi umekuja pamoja na wadudu wake, tunawachekecha nje tunaleta ndani kilichobaki. Arlène anachota maji, anashona, na siku hizi anacheka peke yake. Sababu ya kicheko hicho nitaifikia.

Kwanza nimalizane na divai yako. Barua nimeisoma mara mbili, nikaisoma tena kwa jirani, tukacheka mpaka nikakohoa. Ina mwili, ina miguu, ina pua. Ikishapata na akili iambie ituandikie, maana wewe tangu Krismasi ulikuwa kimya. Tumbaku, ngozi na udongo: hiyo ni divai au ni mfuko wa marehemu baba yako? Kaka yangu Kiza aliubeba mfuko ule wa ngozi kutoka Fizi mpaka Kigoma tulipomzika, umejaa tumbaku na matope ya ziwa, na sikuona mtu mkubwa hata mmoja akiinama kuunusa.

Lakini lililonikaa rohoni ni hilo la kutema. Mtu anavuka nchi na chupa, anaialikia watu, na watu wanaitemea kwenye ndoo mbele ya macho yake, naye anatabasamu. Nyumbani mtu akitema pombe ya mwenyeji, anatafuta kesi. Ungekuwa hapa ningekushika sikio. Kwa kuwa uko Eneo la 10, sikio lako lina bahati.

Sasa kicheko cha Arlène. Kuna kijana Mrundi, anaitwa Épitace, fundi wa baiskeli hapa kambini karibu na kisima. Ana adabu, hana maneno mengi, na mikono yake ina grisi mpaka siku ya ibada. Anamtaka dada yako. Wazazi wake walikufa kule kwao, aliye naye ni baba yake mdogo, Mzee Sinzinkayo, mtu wa kofia na fimbo. Wanataka kuleta mtungi wa pombe, kuposa.

Mambo ya mtungi unayajua, lakini nayaandika kwa sababu naona miguu ya divai imekukanyaga kichwa. Anayeleta ndiye anayeonja kwanza mbele ya watu wote, ili ijulikane hakuna sumu. Baada yake anaonja mdomo wa nyumba, anameza, anampa binti, na binti anampa mwanamume wake. Hapo neno limekwisha. Baba yako hayupo. Mdomo wa nyumba ni wewe, mwanamume pekee tuliyebaki naye. Njoo.

Shangazi yako,
Régine


Nsungwi, Eneo la 25
6 Agosti 1995

Shangazi mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote. Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na wageni wengi, na Djafari alipita mara mbili nikiwa kazini. Huku kuna baridi ya kukata masikio, lakini nimenunua koti.

Nimelifikiria jambo la Arlène kama tunavyofanya huku, polepole. Simkatai kijana wa watu. Ila najiuliza. Arlène alisoma mpaka la sita, anaandika Kifaransa, na anashona vizuri kuliko mafundi wa mjini. Je, hakuna mwingine hata mmoja ila fundi baiskeli? Tena Mrundi. Mimi sina neno na Warundi, lakini patron husema mchanganyiko ni kazi ya hatari, zabibu mbili nzuri zaweza kukutana zikaharibiana. Husema pia kwamba divai nzuri haiogopi kungoja. Tuache mpaka Pasaka ijayo, tumwone kijana akikomaa.

Na hiyo pombe yao ya mtama, utanisamehe. Nimezoea kitu kingine sasa. Nitakapokuja nitawaonyesha wakwe jinsi ya kuonja kwa ustaarabu.

Mwanao,
Faustin


Dzaleka
13 Agosti 1995

Faustin,

Hatujambo. Salamu hizo zatosha kwa leo.

Mchanganyiko wa zabibu tatu unausifia kurasa mbili, mchanganyiko wa watu wawili unakutia mashaka. Arlène nimemsomea barua yako, nikaruka pale pa Pasaka, na sikuruka kwa ajili yako. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nakuandikia wewe uliyesoma: yapo matumbo ambayo hayangoji Pasaka. Usiniulize zaidi. Karatasi hii inapita mikononi mwa Djafari.

Wanakuja Jumamosi tarehe 2 Septemba. Panda lori lolote la matola la Dowa, shuka njia panda, utawakuta wenye baiskeli. Huo ustaarabu wako uuache Nsungwi, uuwekee kitambaa usipate vumbi. Kwetu njoo na mdomo tu.

Régine


Nsungwi, Eneo la 25
10 Septemba 1995

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na asante kwa kuku. Nilifika salama, ingawa matola ilipata pancha na tukasukuma.

Naona mambo yalikwenda vizuri. Mzee Sinzinkayo ni mtu wa kimya, nilimpenda, na nadhani nilimwachia jambo la kufikiri. Niliona jinsi watu wote walivyonyamaza nilipoonja. Hata watoto. Huku pia wageni hunyamaza hivyo patron anapoonja. Pombe yenyewe, nikiwa mkweli, ilikuwa na pua ya moshi na mwili mzito, lakini kwa kambi si mbaya. Sikuelewa kwa nini waliondoka kabla ya chakula. Labda Warundi ndivyo walivyo.

Arlène hakuniaga. Alikuwa na kazi jikoni?

Mwanao,
Faustin


Dzaleka
24 Septemba 1995

Faustin mtoto wa Kiza,

Nimekaa na barua yako karibu wiki mbili kwa sababu kila nilipokamata kalamu mkono ulitaka kushika kitu kingine. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Unasema uliona watu wamenyamaza. Ngoja nikueleze walichokiona wao, maana wewe ulikuwa umefumba macho.

Sinzinkayo aliweka mtungi katikati, akachota, akanywa, akafuta mdomo, akasema kwa sauti ili hata wa nje wasikie: "Mi naonja mbele ya bantu bote. Haina kitu." Akakupa kibuyu kwa mikono miwili. Na wewe, uliyevaa koti kwenye jua lile, ukakizungusha. Mama mmoja akaniuliza kwa sikio kama mkono wako una ugonjwa. Kisha ukaingiza pua. Faustin, mtu amekunywa mbele yako kukuhakikishia hakuna sumu, na wewe unaingiza pua kuitafuta. Nilimwona Sinzinkayo akimtazama Épitace. Ukaichukua mdomoni, ukaipiga mashavuni kama mtu mwenye jino bovu. Bado nilikuwa naomba Mungu. Ukaangaza macho, ukaona beseni langu la kunawia, ukalivuta kwa mguu, ukatema.

Ukatema pombe ya wakwe kwenye beseni. Halafu ukatikisa kichwa na kusema: "Si mbaya."

Sinzinkayo aliinuka, akachukua kofia yake msumarini, akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Tumesikia. Mwenye nyumba amesema." Wakatoka. Wewe ukabaki unauliza kuku yuko wapi. Nilikupa kuku kwa sababu ningekupa kitu kingine ningekwenda jela, na sisi tunakaa penye gereza la zamani, nisingesafirishwa mbali.

Arlène hakuwa jikoni. Alikuwa amejifungia, akiniambia mlangoni habari zako wewe kaka yake, "Yaya njo amenikatala mbele ya bantu bote. Kama yaya ametema, mi nitameza nini?" Tangu siku ile kambi nzima inajua: yule wa Lilongwe alitema pombe ya wakwe. Watoto kisimani wanazungusha vikombe vya maji, wanafumba macho, wanatema. Wameufanya mchezo, na jina la mchezo ni lako.

Sasa nitaandika nililokataa kuandika Agosti, na Djafari asome akitaka. Dada yako ana mimba ya Épitace. Pasaka yako ingemkuta mtoto ameshazaliwa. Kijana hakimbii, anakuja kila jioni anasimama nje ya ua, lakini hawezi kupita juu ya baba yake mdogo. Na mzee anasema mwisho wa Oktoba watapanda gari waende Zambia, ambako ana ndugu. Akiondoka, Épitace anaondoka, na Arlène atazaa mtoto ambaye mjomba wake alimtema.

Faini ya aliyetema ni moja. Anarudi na kinywaji cha kwake, bora kuliko kile alichokitema. Anaonja kwanza mbele yao, anameza wote wakiona koo lake, kisha anawapa. Njoo kabla ya mwisho wa Oktoba. Maneno yako matamu nimeyasoma ya kutosha. Sasa nataka miguu, na si ya divai.

Jambo la mwisho. Djafari alikuja kwa patron wako Ijumaa moja kukuletea barua yangu. Anasema alikuona kupitia geti. Hukuwa na glasi. Ulikuwa umebeba ile ndoo inayong'aa, unaimwaga kwenye maua. Nilimuuliza kama aliona mtu akikupa kuonja. Akasema, "Mama, ule iko nabeba mate ya bakubwa, basi." Ndipo nikaelewa kwa nini ulichojifunza chote ni kutema. Ndicho unachokiona.

Shangazi yako, ambaye bado ni shangazi yako,
Régine


Nsungwi, Eneo la 25
8 Oktoba 1995

Shangazi,

Nakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilianza barua ya kujitetea, nikaandika kwamba hata mabalozi hutema na hakuna anayevaa kofia akaondoka. Niliichana. Lakini na mimi nina neno. Hilo la mimba ungeniandikia Agosti kwa herufi zinazosomeka. Ulinifumbia kwa methali, ukataka niague. Ningejua, ningekuja bila koti. Wewe nawe ulitema, Shangazi, ulitema neno kando badala ya kulisema.

Kuhusu Djafari, sina la kusema. Yeye huuza suruali za watu waliokufa Ulaya, na hakuna anayemchungulia getini.

Siwezi kuja. Mwezi huu kuna maonyesho makubwa ya divai, patron amekataza ruhusa kwa kila mtu. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba sijui nitapitaje pale kisimani.

Nakutumia chupa. Ni ile ya mezani, yenye mchanganyiko, iliyo juu ya zote. Djafari alikataa kuigusa kwa ajili ya dini yake, nikaifunga ndani ya sweta, akasema, "Mi sijue iko nini mule, na usiniambie. Nabeba dawa ya kifua ya mama Régine, njo vile." Majirani wameniuliza imekwenda wapi. Meza imebaki na alama ya duara.

Ifungueni mapema ipumue. Iwe na ubaridi kidogo, msiiweke juani. Glasi isijazwe. Mtasikia plamu kwanza, halafu tumbaku na ngozi. Mtafute mwanamume yeyote wa Fizi aseme kwa niaba yangu. Mwambie ameze.

Faustin


Dzaleka
29 Oktoba 1995

Mwanangu,

Nakuamkia vizuri leo. Sisi wazima, mvua ya kwanza imenyesha usiku wa Alhamisi na paa limevuja mahali pale pale. Arlène anakusalimu, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia niandike hivyo.

Chupa ilifika ndani ya sweta. Sweta nimeivaa. Hilo la kufumba kwa methali nimelisoma, likaniuma, na nalikubali. Umenipata mara moja, usijizoeze.

Nilizunguka kwa wanaume wa Fizi kutafuta wa kukusemea. Mmoja alisema ana kidonda cha tumbo, mwingine ameokoka juzi, wa tatu aliuliza kama atapewa chupa yote. Nikajibeba mwenyewe. Jana mchana nilivaa kitenge cha msiba wa baba yako, kwa kuwa ndicho kizima nilicho nacho, nikaenda kwa Sinzinkayo na Arlène nyuma yangu. Mizigo yao ilikuwa imefungwa kamba tayari. Hata baiskeli ya Épitace ilikuwa imefunguliwa magurudumu.

Mzee aliuliza mwanamume wetu yuko wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba mdomo wa nyumba umebaki Lilongwe, umeshika ndoo. Wazee wenzake wakaguna. Mmoja akasema, "Mwanamuke hawezi kuwa mudomo wa nyumba." Nikamjibu, "Basi unitafutie mwengine. Mi nilizika kaka yangu kwa hii mikono, hakuna mwanamume alinisaidia kuchimba. Leo njo munaona mikono iko ya mwanamuke?" Sinzinkayo akaninyooshea kigoda.

Kuifungua chupa yako kulikuwa kazi. Épitace alileta skrubu ya baiskeli, kizibo kikakatika, nusu ikatoka na nusu ikazama. Mambo ya kupumua hayakuwepo, sisi wenyewe tulikuwa hatupumui. Nikaimimina kwenye kikombe cha bati. Haikuonyesha miguu.

Nikaonja kwanza, mbele yao. Faustin, ilikuwa chungu. Ilinikausha ulimi kama ndizi mbichi. Nilizitafuta plamu zako na sikuziona, wala plamu sizijui. Nikaapa moyoni kwamba umenicheka tena, na nilitaka kuitema, nakuambia ukweli mbele ya Mungu, nilikuwa nimeshatafuta beseni kwa jicho. Nilikuwa nimefumba mdomo tu kwa sababu watu wananitazama koo. Ndipo ikaja tumbaku. Nyuma ya tumbaku ngozi, na nyuma yake udongo mbichi. Ulikuwa mfuko wa kaka yangu, ule ule, aliouweka chini ya kichwa Kigoma siku zake za mwisho kwa kuwa hatukuwa na mto. Niliposoma barua yako Juni nilidhani nafanya mzaha. Kumbe alikuwa mle ndani kweli. Mwenye nyumba alikuwa mdomoni mwangu, amekuja kumwombea binti yake, na mimi nilikuwa karibu kumtema.

Nikameza. Machozi yalinitoka, wakadhani ni ukali wa divai, nikawaacha wadhani.

Nikampa Sinzinkayo kikombe kwa mikono miwili. Akakipokea. Akanitazama, akakizungusha. Nilisikia Arlène akishika kitenge changu nyuma. Mzee akaingiza pua, akafumba macho, akakaa hivyo kwa raha zake. Akachukua funda, akalipiga shavu la kulia, akalipiga shavu la kushoto, akamwita mke wake alete beseni. Akatema. Akatikisa kichwa, akasema, "Si mbaya."

Épitace aliweka skrubu yake chini. Mimi nikaanza kuinuka.

Mzee akaniambia, "Kaa, mama. Ile ilikuwa ya Faustin. Sasa muniwekee yangu." Nikamimina. Akanywa yote, na koo lake tuliliona sote likipanda na kushuka. Nikajaza tena, akamwita Arlène, naye akagusa kwa midomo tu kwa ajili ya hali yake, akampa Épitace, na Épitace akanywa mpaka kipande cha kizibo kikamgonga meno. Hapo ndipo watu walicheka, mzee akacheka kuliko wote. Baadaye aliniambia divai yako ni nzuri lakini haishibishi, na akatoa mtungi wa mtama. Mizigo waliifungua jioni ile ile. Nilimwona Épitace akirudisha magurudumu ya baiskeli, anapiga mluzi.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 18 Novemba, kanisani kwetu. Utakuja, patron apende asipende. Hutasema lolote wala hutaonja kwa niaba ya mtu. Mdomo wa nyumba ni mimi sasa, na wazee wa Sinzinkayo wamelizoea jambo hilo haraka kuliko nilivyotazamia. Kazi yako nimeshaipanga na mke wa mzee: utasimama mlangoni na ndoo ya maji na kata, utawanawisha wageni mikono, mmoja mmoja, kuanzia Sinzinkayo mpaka wale watoto wa kisimani. Ndoo unaijua.

Na kuna kitu kimoja cha kwako. Chini ya chupa ilibaki kidogo, pamoja na mashapo na kizibo kilichozama. Watu walitaka kuimaliza, nikaificha. Mtu aliyeikalisha mezani miezi yote hiyo, akaieleza mpaka sisi tukaijua, na nafahamu kabisa hajawahi kuionja, naye apate. Djafari anasema amesikia kwamba divai ikishafunguliwa hugeuka siki kwa siku chache. Simjui aliyemwambia, na simuulizi. Basi itakuwa siki. Utaionja mbele yangu na mbele ya dada yako, ukimtafuta baba yako mle ndani, na utaimeza.

Shangazi yako,
Régine


Nsungwi, Eneo la 25
6 Novemba 1995

Shangazi,

Hamjambo nyote, na Mzee Sinzinkayo, na shemeji yangu Épitace. Huku ni joto.

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa, nakuja hivyo hivyo. Ndoo nitakuja na ya kwangu. Koti nimemuuzia Djafari.

Hiyo siki msiitupe. Nitainywa.

Faustin